Mratibu na Migomba Iliyojilima Yenyewe

Nilivundika ndizi zangu zote siku moja. Mtu wa huku kwetu Kirushya akisikia hivyo anacheka kabla sijamaliza, na mtu asiye wa huku ananitazama tu, anasubiri nifike kwenye kosa. Kwa ajili ya huyo wa pili, nieleze. Pombe ya ndizi haiandaliwi kama chai. Unakata mikungu, unaifukia kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, unaipa joto, unasubiri iive. Ukishafungua shimo, ndizi hazikusubiri wewe. Zinataka kumenywa na kukamuliwa siku hiyo hiyo ndani ya mtumbwi wa kukamulia, kwa mikono na nyasi, mpaka maji yake yatoke, ndipo utie mtama uliokaangwa na kusagwa. Mikungu michache, mume na mke wanatosha. Pombe ya kupeleka ukweni, unaita kilima kizima.

Mimi nilivundika shamba zima. Ilikuwa pombe ya kupeleka Kasulo, kwa wazazi wa binti ambaye mwanangu Deo alitaka kumwoa, na hakuna wa kumwita, maana nilikuwa nimekwisha kujitoa kwenye zamu. Zamu yetu haina katiba wala mhuri. Leo majembe ya nyumba zote yako kwangu, kesho yako kwako, na siku ya kukamua mikono yote iko kwa mwenye sherehe. Nilijitoa kwa hiari yangu, nimesimama, nimekohoa kwanza, na katika hotuba yangu fupi nikatumia neno "mkakati".

Mke wangu alipoona shimo lilivyojaa aliniuliza jambo moja tu.

"Nani atakamua?"

"Kazi zinazofanana hufanywa kwa pamoja," nikamjibu.

"Nimeuliza nani."

Tulikamua sisi watatu, yeye, mimi na Deo, mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Ndizi zilizobaki nzi walizichukua kwa moyo mmoja, bila zamu. Tulichopata siku ya kwanza tukakichanganya na tulichopata siku ya pili, tukakibeba hadi Kasulo. Mjomba wa binti akavuta mrija mara moja. Akauweka chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akasema, "Baba Deo, karibuni sana. Mazungumzo tutayaanza pombe itakapofika."

Pombe ilikuwa mbele yake.

Hawakutufukuza. Watu wa Kasulo wana adabu, wanaweza kukuua huku wanakukaribisha. Walitupa nafasi nyingine moja, kabla ya Kwaresima. Ikipita hiyo, walisema, kuna familia nyingine imekwisha kuulizia, na hiyo inajua kukamua. Deo hakusema nami njia nzima ya kurudi. Amezaliwa na mdomo mrefu kama wangu, kwa hiyo kimya chake nilikisikia vizuri.

Sasa lile neno, mkakati, sikuzaliwa nalo. Alinipa Mratibu.

Hapa hakuna anayemwita kwa jina. Alikuwa mratibu wa elimu wa kata, akastaafu, cheo kikabaki mwilini kama harufu ya sabuni. Hata mke wake anamwita Mratibu, na yeye mkewe tunamwita Mama Mratibu, kama mtu aliyeajiriwa kwenye ofisi hiyo hiyo kwa masharti mabaya zaidi.

Alikuwa mtu wa kufanya kazi kidogo na kuishi zaidi. Hayo ndiyo maneno yake, na aliyasema kwa sauti ya padri anapofika kwenye mageuzo ya misa. Ugonjwa huo aliupata kwenye semina moja mjini, ukakomaa kwenye simu yake, ambamo watu wenye meno meupe sana humweleza jinsi walivyopunguza kazi. Sikuwahi kuelewa kwa nini watu waliokwisha kupunguza kazi wanahangaika kuamka na kujirekodi kila siku, lakini mimi nimeishia kidato cha nne, na wao wana mataa.

Kiti chake cha plastiki kilikuwa cheupe. Alikwenda nacho kila mahali, amekishika mgongoni kwa mkono mmoja, kwa sababu, alisema, mtu anayetafuta pa kukaa amekwisha kupoteza asubuhi. Viatu vyake havikuwa na udongo. Huku kwetu, ambako mvua ikinyesha udongo unakufuata mpaka kitandani, mtu asiye na udongo kwenye viatu ama ni mgeni ama kuna mwingine anayevifuta. Simu yake iliwika kama jogoo. Iliwika alfajiri ili aamke apange siku, ikawika tena kumwambia apumzike, ikawika kumwambia mapumziko yamekwisha. Majogoo halisi wa jirani yake walichanganyikiwa wakawa wanawika mchana kutwa, na mmoja aliliwa kwa kosa hilo.

Misemo alikuwa nayo. "Jasho ni ushahidi wa mpango mbovu." "Anayeinama sana haoni mbali." "Katika kazi zako kumi, kazi ni mbili; nane ni desturi." Huu wa mwisho ndio ulionimaliza mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ya mwaka ni kwenda Runazi kumwona shemeji, na nikifika huko natamani kitanda changu kuanzia chakula cha mchana. Mtu akija na elimu kwamba kukaa kwangu ni hekima, si uvivu, nitambishia kwa nguvu zipi? Nilimpokea kama mgonjwa anavyompokea daktari anayemwambia aendelee na soda.

Sasa zile nane alizoziita desturi zilikuwa zipi? Hapo ndipo ungemjua. Kumtembelea mzazi aliyejifungua. Kukaa matangani. Kumsindikiza mgeni mpaka njia panda. Kusimama na mtu njiani ukamwuliza habari ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mguu wake uliokuwa unauma. Zote alizifyeka. Salamu yake ilikuwa imekatwa kama mgomba uliozaa. Unaanza kumwamkia, "Shika..." na yeye "Marahaba" amekwisha kupita, unabaki umeshika kofia, unamwamkia mgongo na kiti.

Misiba aliipangia siku. Sisi tukifiwa kilimani, jembe linalala. Unakwenda, unakaa, unalala pale hata kama huna la kusema, maana kukaa ndiko kusema kwenyewe. Mratibu aliona hasara. Akaamua kuikusanya misiba, aihudumie yote Jumamosi moja, nyumba hadi nyumba kwa bodaboda. Jumamosi moja alikuwa na nyumba kadhaa, akawa na haraka, akaingia kwa mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa mgonjwa, basi, mgonjwa tu. Akawakuta watu uani, akakunja uso, akasema, "Poleni sana kwa kuondokewa. Alikuwa mtu wa msimamo." Mzee alikuwa ndani, dirisha wazi. Alisikia maneno yote.

"Nani huyo?" akauliza kutoka kitandani.

"Ni Mratibu, baba."

"Mwambieni nasubiri aondoke kwanza."

Akapona. Watu wanasema dawa, mimi nasema hasira. Mpaka leo mzee huyo akimwona Mratibu njiani husimama katikati ya njia ili aonekane.

Nilikwenda mara nyingi kwake nione huko kuishi kwenyewe. Kupunguza kazi nilikwisha kukuona, nilitaka kuona alichokiweka mahali pake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cheupe, uso umeelekea vilima, simu gotini. Pombe hanywi, inaharibu alasiri. Bao hachezi, halina mwisho unaojulikana. Wajukuu walikuja wakati wa likizo akawapangia saa za kumkaribia. Redio ilizungumza mambo ya jana. Alikuwa kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa, akajenga zizi, akaweka kufuli, akakaa mlangoni na fimbo, asithubutu kumkamua asije akapungua.

"Unafanya nini, Mratibu?" nilimwuliza siku moja.

"Naishi."

"Na baadaye?"

Akatazama simu. "Baadaye nina mapumziko."

Nisiwe mchoyo. Kuna jambo moja lake ambalo nikilikumbuka dharau yangu inapata kigugumizi. Deo alipokuwa shule ya msingi, hesabu zilimshinda. Ukimwuliza nusu ya robo alitazama dari. Mratibu alimkuta analia kwenye ngazi zetu. Akaweka kiti. Akamwambia mke wangu alete maharage, akayamwaga mkekani, akaanza kuyagawa na mtoto, haya ya mama, haya ya shangazi, robo ya shangazi imeliwa na kuku, imebaki ngapi? Simu iliwika akaizima bila kuitazama. Akarudi kesho yake, na siku iliyofuata, juma zima, kwa goti, goti lililochafuka udongo, jasho likimdondoka puani juu ya maharage yetu. Deo alipopata jibu la mwisho, mzee yule alipiga makofi mpaka mbuzi wakashtuka. Sijamwona tena akiwa hai kiasi hicho.

Miaka mingi baadaye nilimkumbusha, kwa shukrani kabisa. Akakunja uso. "Kile kilikuwa kipindi cha udhaifu wa mpango," akasema.

Mtu aliwahi kuishi juma zima, akaenda kuliandika upande wa hasara.

Kiswahili chake kilikuwa cha kupigwa pasi. Sisi nyumbani tunasema Kihangaza, na Kiswahili tunakivaa tukienda shuleni, sokoni na ofisini. Yeye alikivaa hata akimfukuza kuku. Aliwasahihisha watu ra na la zao mpaka kwenye sala za rozari, katekista akawa anaogopa kusema "salamu". Lakini mkanyage Mratibu kidole. Zile la na ra zote alizowanyang'anya watu zinamtoka yeye kwa fujo, hazijui zikae wapi.

Tuje kwenye shamba lake, kwa sababu shamba ndilo lililoniingiza shimoni.

Mratibu alikuwa na migomba mizuri kuliko ya mtu yeyote upande huu wa kilima. Migomba iliyosimama kama waimba kwaya, mashina safi, machipukizi yamepunguzwa, nyasi zimetandazwa chini nene kama godoro, hakuna jani kavu linaloning'inia. Kila Jumapili baada ya misa alichukua watu wawili watatu akawatembeza humo. Aliwaonyesha kwa kidole, mkono mwingine ukiwa umeshika kiti.

"Mnaona jembe hapa?"

"Hatuoni, Mratibu."

"Mnaniona mimi nikilima?"

"Hatujawahi."

"Basi. Nimeiacha asili ifanye kazi. Mimi naingia humu saa mbili kwa juma, natazama, natoka. Ninyi mnaonyanyasa ardhi kila siku mmepata nini?"

Tulitikisa vichwa. Mimi nilitikisa kuliko wote.

Na sasa niseme jambo ambalo ningependa alisome mtu mwingine kwa niaba yangu. Shamba lile nililima mimi. Si peke yangu. Tulililima sisi, zamu. Mama Mratibu alikuwa mwanazamu kabla mimi sijaoa. Alikuja kwangu na jembe lake, akaja kwa jirani yetu Leokadia, akaja kwa kila mtu, na zamu ilipofika kwake tuliingia kwenye migomba ile mumewe akiwa mjini kwenye mikutano yake, au akiwa ndani kwenye mapumziko, simu imekwisha kuwika. Tulipalilia, tukang'oa machipukizi, tukabeba nyasi kutoka bondeni kwa vichwa vyetu. Lile godoro alilolionyesha kwa kidole, kipande cha kuelekea mfereji nilikitandaza mwenyewe. Jumapili moja alituonyesha kipande hicho hicho nikiwa bado nina lengelenge la Alhamisi kiganjani, nami nikasema, tena kwa sauti, "Asili ni kitu kikubwa."

Mikono yangu ilikuwa inajua. Kichwa kilikuwa kimekaa darasani. Ndivyo tulivyofundishwa huku, bila shaka: mwenye cheo akisema mvua hainyeshi, unakunja mwavuli.

Na Mratibu mwenyewe alijua? Nimelifikiria hilo sana, nina muda, mimi ni mtu wa nyumbani. Naamini hakujua, na hapo ndipo ninapomdharau zaidi. Mwongo angalau amechungulia ukweli akaukimbia. Huyu hakuwahi kuuliza. Shati lilikuwa limepigwa pasi, chakula kilikuwa mezani, viatu havikuwa na udongo, migomba ilikuwa inazaa, naye akaketi katikati ya hayo yote akahitimisha kwamba dunia inajiendesha. Kila saa aliyoiokoa ilikuwa imetuliwa kutoka kwenye kichwa chake ikawekwa juu ya kichwa cha mkewe, pamoja na kuni.

Mama Mratibu ni mwanamke mfupi, anatembea ameinama kidogo kwa mbele, kama anayetafuta sindano. Si mtu wa maneno. Nilipojitoa kwenye zamu kwa ile hotuba yangu, wengine walicheka, Leokadia akatema mate. Mama Mratibu peke yake ndiye aliyenijia pembeni.

"Umefundishwa na mzee wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mama Deo naye amefundishwa?"

Nilimwambia tungemfundisha pia. Akanitazama kwa huruma, ile wanayotazamwa nayo mbuzi wa Krismasi.

Basi tulipotoka Kasulo na aibu yetu, nilikaa ndani siku kadhaa, jambo ambalo kwangu si adhabu. Kisha mke wangu akasimama mlangoni. "Kwaresima inakuja na miguu yake," akasema. "Wewe utakwenda kwa Leokadia na yako, au nikubebe?"

Leokadia ni jirani yetu wa chini ya mfereji, mjane, na kama zamu ingekuwa na mwenyekiti angekuwa yeye, ila ukimwita mwenyekiti anakufukuza. Nilimkuta anapura maharage uani. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuacha fimbo.

"Nimekuja kuhusu zamu," nikasema.

"Ipi? Ile ya desturi?"

"Nilikosea, dada."

"Hukukosea. Ulitusomea hotuba. Kukosea ni kumwaga maziwa." Akapiga maharage mara mbili tatu, nadhani moja ilikuwa yangu. "Unajua Deo hana kosa?"

"Najua."

"Na binti wa watu hana kosa?"

"Najua."

"Basi lete jembe. Utalima kwa watu kwanza. Tukikuona umeinama vizuri, tutakukamulia. Usipoinama, hao wa Kasulo wampe mwenye pombe."

Nikainama. Niliinama kwa Leokadia, nikainama kwa yule mzee aliyepewa pole akiwa hai, akakaa kizingitini kunihesabia mistari na kunikumbusha kwamba yeye bado yupo. Niliinama mpaka mgongo ukaanza kutoa sauti za mlango. Na zamu ilipofika kwa Mama Mratibu, niliingia tena kwenye ile migomba ya maonyesho, nikapalilia kile kipande changu cha kuelekea mfereji. Kutoka ndani ya nyumba jogoo wa simu akawika. Leokadia akasema, "Asili imelala, tusiiamshe," na tukacheka tumeziba midomo, Mama Mratibu akicheka kuliko sote.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia Mama Mratibu tatizo langu jingine. Mikono nilikuwa nimeipata, lakini ndizi sikuwa nazo. Zangu zote zilikwenda na nzi, na migomba haikuzaa upya kwa ajili ya aibu yangu. Kila nyumba iliniahidi mkungu mmoja, zaidi haikuweza. Haikutosha pombe ya ukweni. Mama Mratibu alikaa juu ya jembe lake akatazama juu, mikungu ya ndizi za pombe ikining'inia minene.

"Kateni hapa," akasema.

"Mratibu atasema nini?"

"Mratibu ameiachia asili," akasema. "Asili imekubali."

Tulikata. Tukavundika. Safari hii sikusema neno lolote lenye silabi nyingi. Shimo lilipofunguliwa kilima kizima kilikuwa uani kwangu, wanawake wanamenya, wanaume mikono ndani ya mtumbwi, nyasi zinapelekwa, maji ya ndizi yanatiririka, nyuki wamekuja bila kualikwa. Deo alikuwa anabeba maji anaimba. Mama Mratibu alikuwa mtumbwini pamoja na wanaume, kwa sababu mikono haikutosha na yeye hakuuliza mtu, amezama mpaka viwiko.

Hapo ndipo Mratibu akatokea njiani na kiti chake.

Sikuwa nimemwona karibu kwa majuma mengi. Viatu vilikuwa na udongo. Shati lilikuwa na mkunjo mmoja mkubwa mgongoni, kama mtu aliyelala nalo. Nikamwamkia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu shikamoo yangu ilimalizika kabla ya marahaba yake.

"Kuna wizi," akasema. "Mikungu imekatwa kwenye shamba langu. Nimeingia leo kutazama, nimekuta mashina matupu upande mzima."

Mimi nilifungua mdomo, lakini mkewe alikuwa amekwisha kusema, bila kuinua uso.

"Nimekata mimi."

"Wewe?"

"Mimi na hawa. Waliolima."

Akawatazama watu mmoja mmoja, kama mwalimu anayetafuta aliyecheka. Niliona wazo linamfikia. Lilichelewa njiani, lilikuwa na mlima mkubwa wa kupanda. Akatazama majembe yaliyoegemezwa ukutani. Akatazama kiganja changu, sijui kwa nini changu. Nilikificha, kisha nikaona ujinga, nikakionyesha.

"Ile ya kuelekea mfereji ni yangu, Mratibu," nikasema.

Angeweza kukasirika. Nilisubiri ra na la zimwagike. Angeweza kuvua saa akaingia mtumbwini. Palikuwa na nafasi, na ndizi hazikuwa na muda. Nikamkumbuka amepiga goti juu ya mkeka wetu, maharage mkononi, na kwa kitambo nikatamani, kweli nikatamani, alipige tena.

Alishusha kiti. Akakiweka kivulini, akakaa, akavuta pumzi, akatazama mtumbwi.

"Mmejipanga vibaya," akasema. "Wanaomenya wangekuwa upande huu, mngeokoa hatua."

Tulirudisha mikono ndani. Pombe ile ilifika Kasulo kabla ya Kwaresima, na yule mjomba alivuta mrija, akavuta tena, akasahau kuushusha; Deo ana mke sasa, na mkewe ananisema kwa lile shimo la kwanza kana kwamba alikuwepo. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile jua lilikwisha kupinduka, simu ya Mratibu ikawika kifuani mwake, naye akatazama saa, akamtazama mkewe, ambaye maji ya ndizi yalikuwa yanamdondoka kwenye viwiko, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kila siku, chakula cha mchana kiko wapi.

Mama Mratibu hakugeuka. Leokadia ndiye aliyegeuka, nyasi mkononi, akamwambia:

"Mratibu, huyu mama akichoka siku moja tu, wewe utakufa njaa, ila utakuwa umepumzika vizuri."